Mwaka wa Kumi na Tano wa Massoudi

Tangu ofisi ya mji ilipobandika lile tangazo la pensheni, makalio yangu hayakupatana na kiti. Nikikaa nasimama. Nikisimama naondoka hadi avenue ya kumi na nne, nikifika nasahau nilichofuata, narudi. Mke wangu Caritas alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hakusema kwa kunichekesha. Caritas husema alichokiona, basi. Mimi ndiye niliyepewa kinywa cha watu wawili.

Sisi wazee mnaotuona Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, tukikohoa mbele ya magereji tulikuwa wazimamoto wa kujitolea. Barabara zetu zimejaa magari yaliyovuliwa injini, gari la zimamoto halipiti, kwa hiyo moto ukiwaka walitangulia watu: fundi na spana yake mfukoni, muuza vitenge, na mimi mwandika mabango. Tulikuwa na ndoo, mchanga, ngazi mbili na filimbi ya Zénon, kiongozi wetu. Hakuna aliyetulipa. Sasa mji umetukumbuka. Kila mfanyabiashara wa Asiatique, mtaa wa maduka na mastoo, akilipia leseni yake, kipande kinaingia katika mfuko wa wazimamoto wa kujitolea, na mji unaongeza sehemu yake juu. Aliyetumikia miaka kumi na tano anapokea mpaka afe. Akiwa amekwisha kufa, anapokea mjane wake. Na mwaka unahesabiwa hata kwa moto mmoja tu, mradi uwe na ushahidi.

Ushahidi ulikuwa rejista, na rejista ilikuwa yangu. Nilifanywa katibu kwa sababu mwandiko wangu ulimshinda hakimu. Shule sikuingia, herufi nilijifunza juu ya ngazi, nikichora «DUKA» na «SALON», na siku moja, bosi akiwa amelewa na mimi nikiwa sijui kusoma vizuri, «SALON YA NYAMA». Yule mwenye bucha aliuza kuliko wenzake wote mwaka ule.

Moto ukishazimwa, Zénon alisimama na masizi usoni akaita majina. Asiyekuwepo bila sababu alitozwa sabuni ya kufulia nguo za wenzake. Nani anapenda kununua sabuni? Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumwitikia. Tulimwita mdomo wa pili. Mdomo wa pili wa Massoudi, fundi wa breki, nilikuwa mimi, na wangu alikuwa yeye. Akiwa harusini, Zénon akiita «Massoudi!», mimi nageuza shingo upande wa ukuta najibu kwa sauti nene: «Yuko!» Zénon hakushuku kitu. Ni mtu mnyoofu hata kivuli chake hakipindi kikifika ukutani.

Massoudi alikufa kwa malaria tarehe tano Januari, mwaka elfu mbili kumi na tatu, tukamzika siku ileile. Tarehe nane stoo ya magodoro ikawaka Asiatique. Tulipomaliza, Zénon akaita majina kwa mazoea, na kwa mazoea akafika kwake: «Massoudi!» Mdomo wangu ukajibu peke yake: «Yuko!» Mkono nao ukaandika. Tulikuwa watu kumi na wanane. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema futa. Zénon aliinama kidogo, akaita jina lililofuata.

Basi. Miaka kumi na miwili baadaye, mstari ule ukaja kukaa juu ya meza ya binti mmoja wa ofisi ya mji anayeitwa Lisette. Mimi nilikuwa upande mmoja wa meza na Mwantum, mjane wa Massoudi, pembeni yangu.

«Mzee Gélase,» Lisette akasema, kidole kikiwa juu ya rejista, «hapa umeandika Massoudi alikuwa kwa moto tarehe nane. Na mama Mwantum ameniletea cheti cha kifo cha tarehe tano. Sasa huyu mutu aliitika namna gani?»

Nilimtazama Mwantum. Mwantum alitazama viatu vyake.

«Madamu,» nikaanza, «we hukumujua Massoudi. Yule alikuwa mutu wa ahadi. Siku ile tulikuwa tumezidiwa, moshi umetufunga macho, mara nasikia mutu ananipokonya ndoo, mukono wa baridi kama jokofu...»

Lisette akaweka kalamu chini. «Mzee. Mi naandika watu wenye walikuwa wazima siku ya moto.»

«Ego, madamu,» nikakubali.

«Wengine wote wako na moto mingi kila mwaka, mutu akikosa mumoja, haibadilishe kitu. Lakini Massoudi aliingia mwaka wa tisini na tisa. Nikitoa huu mustari, anabaki na miaka kumi na ine. Ili ifike kumi na tano, lazima moto mwengine wa Januari ile, kabla hajakufa, na shahidi mwenye hapati kitu. Komisheni inakaa Ijumaa.»

Tulitoka nje. Mwantum ana nyonga mbovu, anatembea kama mtu anayepanda ngazi hata pakiwa tambarare. Tangu mwaka jana hawezi tena kukaa kwenye kigoda kukaanga sambusa, na mwenye nyumba wake alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi ujao, alipe au ahame. Pensheni ikikosekana, angehamia Rumonge kwa kaka yake.

«Shemeji,» akaniambia, «kule mi najua namna iko. Muke wa kaka yangu anahesabu hata maji ya kutawadha. Miaka makumi ine niko mu chumba changu, naamuka saa yenye nataka. Sitaki kuzeekea mu nyumba ya mutu.»

«Tutapata moto, shemeji.»

«Utautoa wapi? Utautengeneza?»

 Moto ulikuwepo. Ulikuwa kwangu.

Buyenzi nzima inaijua habari ya radi yangu. Siku ya Mwaka Mpya, elfu mbili kumi na tatu, radi ilizaliwa kwenye milima ya Uvira, nchi jirani, ikavuka ziwa bila pasipoti, ikazunguka Buyenzi mara tatu ikiuliza nyumba ya katibu wa wazimamoto, ikaingia kwangu kupitia dirishani. Ilichukua sahani za kabati moja moja, ikazivunja kwa mpangilio, kubwa kwanza. Mimi nikapigana nayo na blanketi. Nimeisimulia kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye foleni ya sukari. Watoto wamekua nayo.

Sasa ya kweli. Caritas alikuwa mjini Ngozi kwa mama yake. Nilitaka brosheti, mishikaki ya mbuzi. Mvua ikanyesha, nikaingiza sebuleni mbabura, jiko letu la makaa. Makaa yalikuwa na unyevu, nikayamiminia mafuta ya taa kutoka chupa ya Fanta. Pazia, kisha plafoni chini ya mabati, kisha kabati la Caritas alilopewa na mama yake. Sahani nilizivunja mimi mwenyewe nikikimbia. Massoudi, jirani yangu, aliruka ukuta na blanketi lililolowa, akauzima, akanikuta nimekaa chini nimeshika mshikaki. Alicheka hadi akakaa naye. Kisha nikamwambia: Massoudi, nitaandikaje kwamba katibu wa wazimamoto amechoma nyumba yake? Akasema: usiandike. Kesho yake, mvua ingali inanyesha, akapanda juu kubadili mabati mawili kabla mke wangu hajashuka kwenye basi. Alikuwa anatetemeka. Nilisema ni baridi. Siku tatu baadaye nilibeba jeneza lake.

Kwa hiyo mnielewe nikisema sikuweza kukaa.

Siku ya pili nikarudi peke yangu kwa Lisette, nikamweleza yote isipokuwa kutetemeka. Nilieleza kwa kifupi, bila mapambo, kama mtu anayesoma lebo ya dawa. Akanisikiliza hadi mwisho. Halafu akacheka.

«Mzee, sikiliza. Mi nilikulia Bwiza, hapo jirani. Radi yako niliambiwa na bibi yangu. Leo unaniambia ni brosheti?»

«Ni brosheti, binti yangu.»

«Na kesho itakuwa nini? Samaki?»

«Wallahi ni brosheti!» Mimi ni Mkatoliki, lakini ukikaa Buyenzi kiapo kinakutoka chenyewe.

«Niletee shahidi,» akasema. «Mwenye haongopi.»

Bujumbura nzima najua mtu mmoja wa aina hiyo, na nalala naye kitanda kimoja.

Nilimkuta Caritas uani anachambua maharage. Nilizunguka uani mara nne. Nikachota maji yasiyohitajika. Nikafunga kamba ya nguo iliyokuwa imefungwa.

«Papa Bonfils,» akaniita kwa jina la mwanetu, bila kuinua kichwa, «kama unataka kusema, sema. Unanitimulia vumbi mu maharage.»

Nikasema. Yeye akaendelea kuchambua, mbovu huku, nzuri huku. Nilipofika kwenye chupa ya Fanta mkono wake ukasimama.

«Kabati ya mama yangu,» akasema.

«Ndiyo.»

«Ulinipeleka kwa padri kuomba misa ya kushukuru. Ati radi ilikuacha muzima.»

«Ndiyo, Mama Bonfils.»

«Nilitoa kuku mu misa ile.»

  Akamwaga maharage mabovu kwenye sahani ya mazuri, akayachanganya kwa kiganja, akanisukumia. «Chambua. Kesho nitaenda kwa ule binti. Nitasema chenye niliona. Juu yako sitaongeza, na juu yako sitapunguza.»

Ijumaa, mbele ya komisheni, Caritas alisimama na kitenge chake cha kanisani. Lisette akamuuliza kama aliona moto.

«Moto sikuona. Nilirudi tarehe mbili na basi ya asubuhi. Massoudi alikuwa juu ya nyumba yangu anapigilia mabati. Nilimupa chai, akakunywa kulekule juu. Ndani plafoni ilikuwa nyeusi, na nyumba yote ilikuwa inanuka nyama.»

«Nyama?»

«Ya mbuzi. Nilimuuliza bwana yangu, radi inanuka nyama namna gani? Akasema ilipitia kwanza juu ya machinjio.»

Komisheni ya watu watano ikainamia makaratasi yake, mabega yanatikisika. Waliandika: moto wa tarehe moja Januari unakubaliwa, sharti maelezo yangu yabandikwe ubaoni siku thelathini. Mtu yeyote akileta pingamizi, dosie inafungwa.

Kabla karatasi haijabandikwa nilikwenda kwa Mwantum. Sikutaka asome ukutani. Nilimwambia moto, nikamwambia mabati na mvua, nikamwambia kutetemeka. Alikuwa anakunja nguo kitandani.

«Ile moto nilikuwa najua,» akasema. «Mi ndiye nilifua shati. Nilimuuliza: umetoka kuzima wapi, mbona filimbi haikulia? Akaniambia: siri ya mutu. Akacheka peke yake mpaka usiku.»

«Na homa, shemeji?»

Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. «Homa alikuwa nayo tangu Noeli. Nilimukataza asitoke. Akatoka. Massoudi alikuwa anasikia nani?» Halafu akasema, bila kunitazama: «Lakini ungemuambia ashuke.»

«Ndiyo.»

«Ungemuambia.»

Nikakaa pale mpaka alipomaliza nguo zote. Hakunifukuza.

Karatasi ikabandikwa. Nilidhani aibu ndiyo itaniua. Kumbe kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Hakuna aliyeniamini. Walisimama mbele ya ubao, wanasoma, wanapigana vikumbo: «Gélase ametunga ingine! Ya kusaidia mujane!» Fundi mmoja akanishika mkono: «Mzee, hii ni nzuri, lakini ile ya radi iko na utamu zaidi.» Kila siku nilikwenda ubaoni mara tatu, kuapa kwamba mimi ni mjinga kweli. Watu wakanisifu kwa moyo wangu mwema. Nilikonda.

Na siku ya ishirini na sita Zénon akanisimamisha mbele ya msikiti. Ana miaka sabini na sita, bado anavaa filimbi shingoni.

«We Gélase. Ijumaa napeleka pingamizi.»

«Zénon! Kwa nini?»

«Kwa sababu ni uongo. Ile radi mi niliiona.»

 «Uliiona wapi? Siku ile ulikuwa Kajaga, kule ziwani, unakula samaki na wakwe zako!»

«Ndiyo nilikuwa Kajaga. Ilitoka Uvira, ikapita juu ya kichwa yangu, inakuja huku. Nimeielezea wajukuu. Niliiona na macho yangu haya.»

«Zénon, ile radi niliitunga mi.»

«We ulitunga ya sahani. Radi yenyewe ilikuwako.»

«Na siku ya magodoro? Marehemu aliitika, ukapita bila kusema kitu!»

 «Siku ile nililia,» akasema. «Kulia si kuapa. Mi siweki kimya yangu juu ya uongo, hata kwa mujane wa Massoudi. Naye Massoudi hangetaka.»

Siku nne sikulala wala kukaa. Nilikwenda kwake asubuhi, nikaenda mchana. Mke wake akaanza kufunga mlango akiniona kwenye kona. Ijumaa, siku ya thelathini, nikamvizia anatoka, barua ya pingamizi ikiwa kwenye mfuko wa shati.

«Biro inafunga saa tisa na nusu,» nikamwambia. «Sasa ni saa nane. Pita kwangu dakika kumi, nikuonyeshe mahali mbabura ilikuwa. Halafu uende, sitakushika.»

Akaja, kwa sababu ya haki. Caritas alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nikaweka mbabura sebuleni, mahali palepale, nikawasha makaa, nikamwonyesha dirisha na pazia la kijani. Zénon akapima umbali kwa hatua zake.

«Haiwezekani,» akasema. «Makaa hairuki namna hiyo. Nimezima moto miaka makumi tatu. Hii pazia iko mbali.»

«Kulikuwa na mafuta ya taa.»

«Hata na mafuta. Haiwezekani.»

Mnajua, mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwongo anapodanganya. Lakini siku moja katika maisha yake amesema kweli, na bado! «Haiwezekani?» nikasema. «Haiwezekani, eh?» Nikachukua chupa.

Lo.

Pazia liliwaka kama limeitwa. Mimi nikaganda na chupa mkononi. Lakini Zénon! Yule mzee anayeshikiliwa kushuka ngazi ya kanisa aliruka juu ya mbabura, akalivuta pazia na bomba lake chini, akalikanyaga, akanyakua beseni la maharage yaliyolowekwa akalimwaga lote, mengine ukutani, mengine juu yake mwenyewe. Na filimbi mdomoni wakati wote, inalia. Majirani wakajaa mlangoni.

 Maji yanadondoka. Zénon anahema, haragwe moja limekaa kwenye nyusi.

«Ilikuwa hivi?» akauliza.

«Hivihivi. Ila nyama ilikuwako.»

Alitazama plafoni, akatazama dirisha, akanitazama mimi.

«We ni mujinga,» akasema taratibu, kama mtu anayesoma habari njema. «We ni mujinga wa kweli!»

«Nakuambia siku nne sasa!»

Nilimtangulia, yeye akafuata. Tulifika biro saa tisa na dakika ishirini. Mwantum alikuwa amekaa kwenye ngazi tangu asubuhi.  Zénon akaweka juu ya meza ya Lisette barua iliyolowa, wino wote umekimbia.

«Mzee, hii ndiyo pingamizi?»

«Ilikuwa. Chukua karatasi ingine, binti yangu, andika. Mi Zénon, kiongozi wa wazimamoto wa kujitolea wa Buyenzi. Tarehe moja Januari sikuona radi.» Akashika filimbi yake. «Nilikuwa Kajaga. Nilikula samaki, nikalala. Nilipoamuka watu walikuwa wanasema juu ya radi, na mi nikasema. Andika hiyo yote. Moto ulikuwa wa Gélase, nimeuona.»

«Umeuona? Lini?»

«Saa moja iliyopita.»

Lisette alitunusa, mmoja kisha mwingine. Akaandika. Akampa asaini, akafungua dosie ya Massoudi, akagonga muhuri. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika ishirini na nane.

Nje, Mwantum aliinuka akishikilia ukuta. «Imepita?»

«Imepita,» Zénon akamjibu. «Miaka kumi na tano.»

Hakulia, hakutushukuru. Alifunga mtandio wake vizuri, akauliza saa, akasema mwenye nyumba huwa anafunga duka lake saa kumi, na jana alikuwa anamwonyesha mtu chumba. Akashuka ngazi moja moja na nyonga yake ile, akaingia barabarani kwa kasi ambayo sijamwona nayo tangu akiwa bibi harusi.

Tukabaki wawili, tunanuka moshi na maharage. Mimi miguu ikaanza tena kunichezacheza.

«Zénon,» nikasema, «unajua hapa Asiatique nani anauza pazia ya kijani? Kwaya inaisha saa kumi.»

«Muambie muke wako ukweli, sha.»

«Mara mbili mu mwezi mumoja?»

Alifikiri juu ya jambo hilo kwa haki, kama anavyofikiri juu ya kila jambo. Kisha akanishika mkono tukavuka barabara, kwenda kuuliza duka la kwanza.